Fundi Anajibu: Hita iwe nyuzi ngapi, valvu iliyozibwa, na maji ya kukandwa

Kipupwe kimeingia na kila kikiingia barua za hita zinakuja kwa mafungu. Ndugu zetu wa Mbeya na Njombe mnatucheka eti Dar mnachemshia maji baridi gani, haya chekeni, ila ukiwa na mtoto wa shule anayeogeshwa saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba utachemsha tu. Nimechagua barua tano, nimezifupisha kidogo.

Shikamoo fundi. Nina hita ya tanki ya lita 50 bafuni. Juzi mwanangu wa miaka minne kafungua bomba la sinki mwenyewe akaungua mkono, malengelenge yakatoka, mama yake akampaka dawa ya meno. Sasa anaendelea vizuri. Wife anataka nishushe moto mpaka 40 tumalize maneno. Fundi aliyefunga anasema nisiguse, kaiweka 75 na ndo inavyotakiwa. Nani mkweli? – Baba Junior, Tabata

Marahaba Baba Junior, na pole sana ya mtoto. Wote wawili wamekosea ila huyo fundi wako kakosea zaidi, na ni wa kwetu kwaiyo acha nimseme mimi.

Mwaka 1947 kule Marekani wataalam wawili, Moritz na Henriques, walipima maji yanachukua muda gani kuunguza ngozi, wakatumia ngozi ya nguruwe na ya watu waliojitolea. Hesabu zao ndo zinatumika mpaka leo. Maji ya nyuzi 49 yanahitaji dakika kama tano au zaidi kumuunguza mtu mzima vibaya, yakifika 55 ni nusu dakika, 60 ni sekunde tano, na 65 ni kama sekunde mbili, yaani kabla hujamaliza kusema "mama". Hiyo ni ngozi ya mtu mzima. Ya mtoto ni nyembamba kwaiyo muda unapungua zaidi, na mtoto akiungua huwa haondoi mkono haraka, anaganda palepale analia. Sasa 75 kwenye sinki linalofikiwa na mtoto wa miaka minne, hapo fundi alikuwa anafikiria nini sijui.

Na tena 75 inakula LUKU bure. Maji ya bomba ya Dar yanaingia kwenye hita yakiwa kama nyuzi 28. Kupandisha lita 50 kutoka 28 mpaka 60 ni kama uniti 1.9, mpaka 75 ni 2.7. Na kadri tanki linavyokuwa la moto ndo linavyopoteza joto likiwa limekaa tu, alafu chumvi inaganda haraka zaidi kwenye koili.

Sasa kwanini nisikubali 40 ya mama Junior? Kwasababu kuna bakteria wanaitwa lejionela, wanaishi kwenye maji, na wanazaliana vizuri kati ya nyuzi 20 na 45, hasa kwenye 35 na kitu hivi. Jina lao lilitokana na mkutano wa maveterani wa American Legion pale Philadelphia mwezi wa saba 1976, watu zaidi ya 180 waliugua homa ya mapafu na karibu 30 wakafa, ikachukua mpaka Januari 1977 bakteria mwenyewe kujulikana. Huyu mdudu humpati kwa kunywa maji, unampata kwa kuvuta ule ukungu wa shawa ukaingia kifuani, na anawaonea zaidi wazee, wavuta sigara na wenye mapafu dhaifu. Kwenye nyuzi 60 anakufa ndani ya dakika chache. Sikutishi, nakueleza tu kwanini hita ikishushwa 40 na kuachwa hivyo inakuwa kama umemjengea banda.

Na hapa niseme kitu ambacho nakiona nyumba nyingi za Dar. Watu tunabana umeme, tunawasha breka ya hita dakika ishirini tu kabla ya kuoga alafu tunazima. Hita ya wati 1,500 kwa dakika ishirini inapandisha lita 50 kwa nyuzi kama nane na nusu, kwaiyo wastani wa tanki ni 37 hivi. Juu ya tanki maji ni ya moto, chini ni vuguvugu, kila siku hivyo hivyo, na hayo vuguvugu ndo anayoyapenda. Ukiwasha wewe acha mpaka taa izime yenyewe, kwa hita hiyo ni kama saa moja na robo kufika 60, alafu ndo uzime kama unataka kuzima.

Kwaiyo jibu langu: tanki liwe 60, lakini maji yanayomfikia mtu yasiwe 60. Katikati hapo inafungwa valvu ya kuchanganya, kuna ile yenye themostati ndani, yaani kidhibiti joto, inaingiza maji ya moto na ya baridi na kutoa ya joto moja, na nzuri ni ile ambayo maji ya baridi yakikatika ghafla inafunga na ya moto pia. Iweke kwenye 45 hivi. Uingereza kwenye nyumba mpya sheria inataka bomba la kujazia bafu lisizidi 48, kwaiyo hatujipangii masharti ya ajabu. Ukienda Kariakoo kuinunua mwambie muuza duka neno themostati, maana watakupa ile ya kawaida ya kugeuza kwa mkono wakakwambia ni ileile. Siyo ileile.

Mpaka uipate, funga koki ya maji ya moto iliyo chini ya lile sinki la mtoto, basi. Mtoto wa miaka minne ananawa maji ya baridi, ya Dar wala siyo baridi.

Kuhusu namba: hita nyingi kitufe chake hakina nyuzi, kina alama tu za moja mpaka tano au kipicha cha moto. Usikisie. Fungua bomba la moto lililo karibu na hita, acha yatoke dakika mbili, kinga kwenye glasi nene au kikombe, chovya kipimajoto cha jikoni, kile cha kupimia nyama. Kama ni 75 zima breka, siyo swichi tu ya ukutani, ndo ufungue mfuniko urudishe kidogo, subiri taa izime upya na upime tena. Ukishusha na bado yanatoka ya kuchemka ujue themostati imekufa, badilisha, usiivumilie hata siku moja.

Alafu hiyo dawa ya meno. Baba Junior nakuomba mwambie mama na dada wa kazi na bibi akija kutembea: mtu akiungua na maji ni maji yanayotiririka ya ubaridi wa kawaida, dakika ishirini kamili kwa kuangalia saa, vua nguo na bangili haraka kabla hapajavimba, alafu funika na kitambaa kisafi. Siyo dawa ya meno, siyo asali, siyo ute wa yai wala unga. Na siyo barafu. Tahadhari moja ya huku kwetu, mchana maji ya bomba lililotoka simtanki la juani yanaweza kutoka yakiwa ya moto kabisa, yaache yatiririke kwanza mpaka yapoe au tumia ya kwenye ndoo za ndani, ya mtungi kama unao. Palipoungua pakiwa usoni, mikononi, sehemu za siri, au pakubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, hospitali bila mjadala.

Fundi mambo. Nimepanga Sinza, hita ya chumbani ina kale kavalvu chini kalikuwa kanadondosha maji kila ikiwashwa. Mwenye nyumba akaleta fundi akaweka plagi akaziba kabisa, haidondoshi tena. Ila sasa naisikia inatoa mlio kama inaguna. Ni kawaida? – Mpangaji, Sinza

Zima breka ya hiyo hita sasa hivi, endelea kusoma baadaye.

Umezima? Haya. Kale kavalvu hakakuwa kabovu, kalikuwa kazini. Maji yakipata moto yanatanuka, lita 50 zikitoka 28 kwenda 60 zinaongezeka zaidi ya nusu lita, chupa ndogo ya maji na kidogo, na kwasababu mara nyingi chini kuna kivalvu kingine kinachozuia maji kurudi kwenye bomba, hiyo nusu lita inabidi ipitie mahali, inapitia hapo kwa kudondosha. Ikidondosha wakati wa kuchemsha na kuacha ikishapoa ni nzuri kabisa, tafuta kimpira ukielekeze kwenye ndoo au kwenye tundu la maji machafu. Ikidondosha usiku na mchana hata hita ikiwa imezimwa hapo ndo kuna shida, ama valvu imeshikwa na chumvi ama presha ya maji ni kubwa mno, na dawa ni kubadilisha valvu au kufunga kipunguza presha.

Kuziba ni kitu kingine. Siku themostati ikigoma kukata, na kifaa cha usalama cha kukata umeme joto likizidi kikawa nacho kimekufa, maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwasababu yamebanwa, alafu tanki likipasuka yanageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji. Hita kama hizo zimeshatoboa dari nchi nyingi, siyo hadithi. Mlio unaousikia unaweza kuwa chumvi tu imeganda kwenye koili, sikatai, ila kwa hita iliyozibwa siwezi kukuambia ukae uisikilize.

Mwenye nyumba mwambie kwa upole kwamba hiyo plagi itoke na valvu mpya iwekwe, ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na dari lake. Akileta fundi yuleyule simama naye.

Habari za kazi kaka. Tuna ile shawa ya umeme inayochemsha papo hapo, wati 5,500, maji tunatumia ya kisima kutoka kwenye simtanki juu ya paa. Kuna muda unaoga vizuri ghafla yanakuwa moto wa kuunguza, hasa mtu akiflashi choo. Na ukishika koki unasikia kama sisimizi. – Dada Rehema, Mbezi

Dada Rehema nianze na sisimizi. Huo ni umeme. Msiogee hapo tena mpaka fundi umeme mwenye leseni apite, na akifika aangalie vitu vitatu: athi ipo kweli au waya wa athi umekatwa umekunjwa ndani ya boksi (nimeshakuta mara nyingi mpaka nimechoka kushangaa), waya ni wa milimita 6 za mraba na una breka yake peke yake maana shawa hiyo inavuta ampia kama 24, na kwenye ubao kuna breka ya kukata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30. Kisima chenu kama kina chumvi, na visima vingi vya Dar vina chumvi, maji yake yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida yasiyo na chumvi, na shawa nyingi za namna hii koili iko wazi ndani ya maji. Kwaiyo jirani anayetumia maji ya bomba na shawa ileile anaweza asisikie kitu, wewe ukasikia.

Sasa moto wa ghafla. Hiyo shawa haijui maji yako yana joto gani, inamwaga wati 5,500 tu kwenye chochote kinachopita. Yakipita lita 5 kwa dakika inaongeza nyuzi kama 16, kutoka 28 unapata 44, tayari ni ya moto. Yakipungua kuwa lita 3 inaongeza 26, unapata 54. Mtu anaflashi choo, yanabaki lita 2, hapo ni 67. Na hiyo nimehesabu kwa 28, saa nane mchana simtanki jeusi juu ya bati linatoa zaidi ya hapo. Shawa hizi zinafaa zaidi sehemu ambazo maji yanaingia na ubaridi wa kweli kweli, ndo maana Arusha wanazisifia.

Pima, chukua ndoo ya lita 10 uone inajaa kwa muda gani chini ya shawa. Ikizidi dakika mbili presha yako ni ndogo kwa moto mkubwa, tumia kitufe cha moto mdogo tu mwaka mzima, Dar inatosha kabisa. Ukitaka kumaliza kabisa toa bomba la shawa peke yake kutoka kwenye tanki lisichangie na choo, au pandisha tanki, au pampu ndogo. Na watoto wasiogeshwe chini ya shawa hiyo, wachanganyiwe kwenye beseni.

Simtanki lenyewe lifunikwe vizuri na lisafishwe, tope la chini ndo chakula cha wale wadudu wa barua ya kwanza. Mkisafiri wiki mbili mkirudi fungulieni shawa dakika chache mlango ukiwa wazi nyie mkiwa nje, ndo muoge.

Shikamoo baba. Nimejifungua kwa operesheni wiki ya pili sasa. Mama mkwe amekuja kunilea, ananikanda tumbo na kitambaa cha maji yanayotoka jikoni yanafuka moshi, anasema damu iliyobaki itatoka na tumbo litarudi. Naumia lakini naogopa kumkatalia. Na mtoto naye anaogeshwa maji naona ya moto sana. – Mzazi, Kigamboni

Marahaba mwanangu, hongera. Mimi ni fundi bomba siyo mkunga, lakini mke wangu ni nesi mstaafu wa wodi ya wazazi na barua yako nilimsomea, kwaiyo hapa chini anaongea yeye kwa mkono wangu.

Kwanza mshono. Mtu aliyepasuliwa ngozi ya karibu na mshono mara nyingi inakuwa na ganzi kwa miezi, kwaiyo pale ambapo husikii kuumia ndo unaungua zaidi. Joto na maji ya kitambaa kwenye kidonda kibichi ni hatari nyingine. Kukandwa kwa maji ya moto kwako hakuna kabisa. Pili, tumbo la uzazi linajibana lenyewe, linarudi kwenye ukubwa wake ndani ya wiki sita hivi, na kinachosaidia ni kunyonyesha, ndo maana ukinyonyesha unasikia tumbo linakukata. Moto wa juu ya ngozi haufiki huko. Damu ikizidi, ikitoa harufu au ukipata homa ni kurudi hospitali siku hiyohiyo, siyo kuongeza kuni.

Kumwambia mama mkwe ni kazi, tunajua. Mke wangu anasema usibishane naye chumbani. Siku ya kliniki nenda naye, mwambie nesi kwa faragha kabla, nesi ndo aseme mbele yenu wote wawili kwamba mwenye mshono hakandwi. Mama atakubali kwa nesi alichokataa kwako, na heshima yake inabaki. Mpe kazi nyingine ya kulea, uji wa pilipili manga anaujua kuliko wewe. Na mumeo asijifiche, ni mama yake huyo.

Mtoto mchanga maji yake ni nyuzi 37 mpaka 38, sawa na mwili. Hesabu rahisi ya Dar: maji ya kuchemka kopo moja, ya bomba makopo sita. Watu wanachanganya nusu kwa nusu kwa macho, nusu kwa nusu inatoa 64! Nilipoihesabu mara ya kwanza nilirudia. Ya baridi yanatangulia kwenye beseni siku zote, ya moto yanafuata, koroga mpaka chini, alafu chovya kiwiko na siyo vidole, maana vidole vya mama mkwe vimepika ugali miaka arobaini havisikii kitu. Kiwikoni usisikie moto wala baridi. Na sufuria la maji ya moto lisipite juu ya mtoto wala lisikae sakafuni, watoto wengi wa huku wanaungulia hapo, kwenye ndoo na sufuria, kuliko kwenye hita zote nilizozisema leo.

Fundi, nimefunga sola ya mirija ya kioo Goba, nzuri sana haili LUKU. Tukirudi kutoka safari maji yanatoka kama ya chai. Nifanye nini? – Mzee wa Goba

Mzee wangu, sola haina themostati ya kuizima jua, wiki nzima hamjayatumia yanafika 80 na zaidi. Valvu ya kuchanganya niliyomwambia Baba Junior kwako ni lazima, na chukua iliyoandikwa inavumilia maji ya sola. Mkisafiri funika mirija na turubai. Na bomba lake kutoka juu lisiwe la plastiki ya kawaida ya maji baridi, nimeshaona linalegea kama tambi.